Elki wa milimani: maswali yenu kuhusu leseni, farasi na nyama

Kaka, naomba bei ya kuwinda elki Marekani. (Msomaji, Dubai)

Elki, kwa msiomjua, ni mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe za matawi. Barua za namna hii zinakuja kila wiki, na zote zimeacha mambo yale yale: jimbo gani, mwezi gani, bunduki au upinde. Bila hayo sina la kukujibu. Nikitolea mfano Wyoming, ninakofanya kazi kila Septemba, leseni ya mgeni asiye mkazi wa jimbo ni karibu dola 700, na hutolewa kwa droo. Maombi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, theluji ikiwa bado imetanda. Safari ya wiki moja kwa farasi, pamoja na kiongozi wa mawindo, mpishi na hema, jiandae kwa dola 7,000 hadi 10,000, na bahashishi juu yake. Kabla ya kutuma amana, hakikisha mwenye kambi ana leseni ya bodi ya jimbo inayosimamia kazi hiyo, na upate kwa maandishi kitakachotokea kwa fedha yako ukikosa droo. Kuna watu wanaolia leo kwa sababu walilipa kwanza, wakauliza baadaye.

Binamu yangu anaishi Casper, Wyoming. Kwa nini nisiende naye nikaokoa hela za kiongozi? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Unaweza. Sheria ya Wyoming inamtaka mgeni awe na kiongozi anapowinda wanyama wakubwa kwenye nyika zilizotengwa na serikali kuu. Kiongozi huyo anaweza kuwa mkazi wa kawaida aliyechukua kibali cha bure kutoka idara ya wanyamapori ya jimbo, mradi asipokee malipo yoyote. Hata mafuta ya gari mwachie ayalipe mwenyewe kama hujauliza idara. Mimi naiona sheria hii ina upungufu: mgeni huyo huyo anaruhusiwa kupanda milima, kuvua samaki na kulala humo peke yake, lakini akibeba bunduki ya kuwindia elki ndipo anaambiwa atapotea. Hata hivyo ndiyo sheria. Nami nakuuliza: binamu yako ana baghala wa kubebea mzigo?

Niko hapa Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki atanipa bunduki yake nijifunzie kabla ya safari. Kuna tatizo?

Kubwa. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, ila akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo mojawapo la Marekani, au kwa misamaha michache mingine. Kwa hiyo leseni itangulie. Hata kuishika kwa dakika tano kwenye uwanja wa shabaha, bunduki ikiwa ya rafiki, inahesabika. Kama muda wako wa kukaa nchini umekwisha, usiiguse kabisa. Zungumza na wakili wa uhamiaji. Kijana, usipoteze masomo yako kwa ajili ya mnyama.

Tunaweza kuingia kwenye nyika zilizotengwa na pikipiki ya magurudumu manne?

Hapana. Tangu sheria ya mwaka 1964, injini haziingii kwenye nyika hizo, wala baiskeli, wala mkokoteni wa kubebea nyama.

Shikamoo mzee. Nilifika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu. Je, bado nahitaji mazoezi? (Msomaji, Moshi)

Marahaba, na hongera. Ndiyo, unahitaji. Baadhi ya elki wa milima ya Rocky wanawindwa kwenye mwinuko ulio kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, kwa hiyo hewa unaijua. Lakini Marangu ulifuata njia iliyochongwa, na mzigo wako ulibebwa na wagumu, yaani wapagazi. Huku utatoka kambini gizani, utapita juu ya magogo yaliyoanguka, na mnyama akianguka mgumu ni wewe. Dume la kilo 300 hutoa karibu kilo 100 za nyama tupu. Farasi wakishindwa kufika bondeni alikoangukia, kilo hizo zinapanda mgongoni mwa watu. Ndiyo maana mgeni wangu simruhusu kufyatua kabla hajanionyesha kwa kidole njia tutakayotokea na mzigo. Wengine hukasirika. Nimeshaona nyama ya dume zima ikioza kwenye korongo kwa sababu ya mtu aliyetaka picha, na sitaki kuona tena.

Kiongozi mmoja amenihakikishia dume lenye matawi sita ya pembe kila upande.

Mnyama wa porini haahidiwi: mkimbie, au muulize shamba lake lina uzio wa urefu gani.

Sisi ni Waislamu wa Mombasa, tunaishi Minneapolis. Je, nyama itakuwa halali? (Msomaji)

Elki analiwa. Hukumu ya risasi na mshale muulizeni sheikh wenu kabla ya safari. Waislamu niliowahi kuongozana nao hutaja jina la Mungu wanapofyatua, na wakimkuta mnyama bado hai humchinja. Mwambieni kiongozi mapema, asije akawahi kwa kisu chake.

Baada ya hapo ni mbio. Ngozi ya elki ni nene, na mchana wa Septemba nyama huanza kuharibika kwenye mfupa wa paja kabla hujaisikia harufu. Toeni matumbo, mchune, tenganisheni miguu, tundikeni kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa. Plastiki marufuku. Sarara, nyama laini ya mgongoni, ichukuliwe yote. Kuacha nyama inayolika porini ni kosa la jinai. Pelekeni kichwa kikapimwe ugonjwa wa kudhoofika, kwa sababu prioni zake, yaani protini zinazoueneza, haziharibiki kwa moto wa jiko, na nyama ya mnyama aliyeathirika msile. Na Minnesota hairuhusu kuingiza mzoga mzima kutoka nje: nendeni na nyama iliyotolewa mifupa.

Je, dubu ni tishio kweli, au mnatutia hofu?

Mwaka 2018, katika nyika ya Teton, Wyoming, kiongozi na mgeni wake walirudi kwa elki aliyepigwa siku iliyotangulia. Dubu wawili wakawavamia, na kiongozi akafa. Kopo la pilipili ya kumpulizia dubu likae kiunoni, lisikae kwenye begi. Mmoja achune, mwingine asimame akiangalia msitu. Mkirudi kesho yake, uendeeni mzoga kwa upande ulio wazi, mkipiga kelele tangu mbali.