Kilo zikipanda, bado nenda kliniki

Mara ya tatu nilipompeleka binti yangu kliniki ya watoto wenye uzito uliozidi, alipanda kwenye mizani akafumba macho. Alikuwa na miaka 9. Muuguzi akasoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia: kilo 44. Mwezi uliotangulia zilikuwa 43. Alishuka akavaa viatu bila kufunga kamba, na kwenye matatu ya kurudi Embakasi hakufungua mdomo mpaka tulipofika Donholm. Hatukurudi kliniki kwa miezi 5.

Muda huo wote nilijiambia ni nauli, ni kazi za Jumamosi, ni mvua. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliona kama nimeitwa mbele za watu nikaambiwa sijui kulea. Tangu hapo nimezungumza na akina mama kadhaa mtaani kwetu ambao nao waliacha katikati, na karibu kila mmoja aliacha baada ya siku kilo zilipopanda. Hao ni wazazi wanaowapenda watoto wao sana.

Kilichoturudisha ni simu. Mtaalamu wa lishe alinipigia jioni moja nikichambua sukuma. Hakuuliza mbona tumepotea. Alisema, "Mama, nimewakumbuka tu. Ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi?" Nikalia pale pale jikoni. Kama unafanya kazi kwenye kliniki ya watoto na unasoma hapa, nakuomba upige simu kama hiyo.

Tuliporudi, mizani ilisema 45. Nilijiandaa kukemewa. Daktari akampima urefu kwanza, akatuonyesha kwamba ameongezeka sentimita 3, kisha akaweka nukta mpya kwenye chati: ilikuwa imeteremka kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningepaswa kuelezwa siku ya kwanza. Mtoto bado anarefuka, kwa hiyo kilo peke yake hazisemi yote. Kinachoangaliwa ni uzito kwa urefu, kwa umri wake. Kwa watoto wengi, uzito ukitulia huku kimo kikipanda, hayo tayari ni maendeleo. Ukikaa nyumbani na namba ya mizani peke yake, utakata tamaa bure.

Pia safari ni ndefu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani unapendekeza angalau saa 26 za kukutana na familia, katika miezi 3 hadi 12. Mimi nilitarajia matokeo baada ya ziara mbili.

Sasa nyumbani. Kosa letu kubwa lilikuwa kumpikia yeye peke yake. Kaka zake walikula chipsi, yeye anawekewa sukuma na kipande cha ugali pembeni, kama mgonjwa. Nikaanza kukuta karatasi za biskuti chini ya mto wake. Tulipoamua kwamba nyumba yote inakula kutoka sufuria moja, karatasi zile ziliisha bila mtu kugombezwa. Soda nayo ilitoka mezani kwa wote. Jioni moja tulichukua chupa ya nusu lita, tukasoma pale nyuma, sukari zaidi ya gramu 50, kisha watoto wakaipima kwenye sahani kijiko baada ya kijiko. Walipita vijiko 12 vya chai. Baba yao aliitazama ile sahani kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo Ijumaa anakuja na matunda.

Na jamani, msimsahau dada wa kazi. Saa kumi mtoto akitoka shule mimi niko kazini. Anayepakua ni yeye. Kwa miezi mingi nilikuwa nikirudi kutoka kliniki na maagizo, namtupia mlangoni. Nilipoanza kuketi naye na kumwuliza yeye anaonaje, aliniambia mtoto hula sana siku ambazo wenzake wamemtania shuleni. Mimi mama yake sikujua.

Shosho ndiye aliyenitia hofu zaidi. Kwake, mtoto mnene ni mtoto aliyetunzwa. "Mbona mnamnyima mjukuu wangu?" Nilibishana naye, haikusaidia. Baadaye nikamwambia, "Mama, tunakuomba utufundishe kupika terere na managu jinsi ulivyokuwa ukitupikia." Sasa wakati wa likizo yeye na mjukuu wake huenda sokoni kwa miguu, kwenda na kurudi, na hiyo inaingia kwenye zile dakika 60 za mazoezi kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Siku nyingine ni kamba ya kuruka juu ya paa, katikati ya nguo zilizoanikwa.

Ukiwa kliniki, omba unachohitaji. Mimi niliomba mtoto apimwe pazia likiwa limefungwa, na namba iandikwe isitamkwe. Walikubali mara moja. Niliomba pia mwezi nauli ikikosekana tuongee kwa simu, wakakubali.

Miadi yetu ijayo ni Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa. Uzito wake wa sasa siujui. Dada atakuja nasi. Ana swali lake kuhusu uji wa wimbi.