Makumbusho ya muziki Lamu: anza na siwa

Ndugu uliyeuliza kama Lamu kuna makumbusho ya muziki ya kulinganisha na ya Unguja, na una siku mbili tu: jengo la muziki peke yake hatuna. Lakini njoo.

Ukishuka gatini nenda moja kwa moja Makumbusho ya Lamu, pale pale mbele ya bahari. Mimi huingia kwa ajili ya siwa, yale mabaragumu makubwa ya heshima. Iko ya kisiwa cha Pate, ya pembe ya ndovu, inapita mita mbili, na iko ya shaba ya hapa Amu, yaani Lamu. Wageni wengi hupiga picha wakapita. Wewe sogea utafute tundu la kupulizia. Haliko nchani kama la zumari, limetobolewa ubavuni. Habari za Pate zasimulia kuwa bibi mmoja, Mwana Darini, alitaka kumtia mwanawe jandoni, akaomba siwa kwa sultani, akanyimwa. Hakulia. Alimwita fundi, Mwenyi Bayai, akamchongea yake. Zama hizo shughuli ya waungwana bila siwa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Ukiijua habari hiyo, ile pembe huitazami tena kama pambo.

Ngome ya Lamu ni pazuri kupumzika kivulini (ilikuwa jela hadi 1984, usishangae ukubwa wa kuta). Nyumba ya Kiswahili, nayo ya makumbusho, ni ya zidaka (vishubaka vya ukutani) na vitanda, kwa muziki utaipita tu.

Unguja nilikwenda mwaka juzi. Makumbusho ya Freddie Mercury pale Shangani, yaliyofunguliwa 2019, ni safi, nayo yamhusu mtu mmoja, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, tangu akiitwa Farrokh Bulsara. Ukimpenda utafurahi. Mimi kilichonikamata ni chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza 2002. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza kijana akikosea pale pale mara tano kwenye udi, ile ala ya nyuzi, anarudia, hana haya. Nikamkumbuka Zein l'Abdin, mzaliwa wetu wa Lamu aliyefariki 2016. Fundi wa udi kama yule angestahili chumba chake hapa kwetu, na hili nitalisema hadi nichoke.

Kwa hiyo kwa vitu vya kutazama, siwa yetu naiweka juu ya vyote nilivyoviona kule. Kwa kusikia, Unguja watushinda siku za kawaida. Ila si Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Ukiweza kusogeza safari, njoo wakati wa Maulidi ya Riyadha, msikiti wetu, uone vijana wamekaa safu mbili wakiyumba na matwari (ngoma za kushika mkononi), na nje watu wakicheza goma na fimbo zao. Fika mapema, kabla hawajaanza, uone matwari yanavyooteshwa moto ngozi ikaze, na mtu akiigonga kwa kidole kusikiliza kama imeiva.

Mwaka mmoja niliachiwa mimi kuyaangalia. Nikazubaa na simu, ngozi moja ikapasuka, pwaa! Tangu siku hiyo kazi yangu ni kumimina kahawa.