Mtangazaji wa Televisheni na Kazi ya Kunyamaza

Nimetangaza mpira wa miguu kwa miaka 23, 9 ya kwanza redioni na iliyobaki kwenye televisheni, na vijana wanaotaka kuifanya kazi hii huniuliza zaidi kuhusu sauti. Mimi huwashauri waanze na macho. Msikilizaji wa redio hana macho ila yako, kwa hiyo ukinyamaza uwanja unatoweka. Mtazamaji wa televisheni anauona mpira kama unavyouona wewe, na anachohitaji ni jina la aliye nao, maana ya kile anachokifanya, na nafasi ya kuusikia uwanja.

Msimu wangu wa kwanza kwenye televisheni sikulijua hilo. Nilisimulia kila pasi, mpaka mwongozaji wa matangazo aliponiketisha mbele ya rekodi ya mechi nzima na kuniomba nihesabu mara nilizosema jambo ambalo picha haikuwa imekwisha kulisema. Hadi mapumziko nilikuwa nimepata mara 11.

Niliyemfanya mwalimu tangu hapo, bila kukutana naye, ni John Motson, mtangazaji wa mpira wa BBC, ambaye alianzia gazetini na, kama mimi, akapita redioni kabla ya kuingia kipindi cha muhtasari wa mechi cha Match of the Day mwaka 1971. Tarehe 5 Februari 1972, akiwa na miaka 26 na bado yuko kwenye majaribio, alitumwa Hereford kutangaza mechi ya marudiano ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle United, ambayo ilitarajiwa kupewa dakika chache tu kwenye kipindi. Hereford, timu ndogo iliyokuwa nje ya ligi ya taifa, ilikuwa nyuma kwa bao moja mpaka Ronnie Radford aliposawazisha kwa shuti la mbali, kisha Ricky George akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Watu hulikumbuka shuti lile. Mimi hukumbuka kwamba Motson alikuwa na jina la Radford mdomoni. Aliyejiandaa kwa ajili ya Newcastle peke yake angekuwa analitafuta kwenye karatasi huku watoto wakiuvamia uwanja.

Kwa hiyo anza na timu usiyoijua. Mimi hufika uwanjani mapema, nikawafuata viongozi wa timu ngeni na kuwauliza jinsi kila jina linavyotamkwa kwao, likiwemo la kipa wa akiba, kwa sababu mama yake naye anatazama. Sehemu kubwa ya ninayoyaandika haisemwi kamwe, na mtangazaji kijana atalazimika kuizoea hasara hiyo, maana anayelazimisha kila alichokisoma kisikike huishia kuifunika mechi yenyewe.

Kunyamaza ndiko kugumu zaidi, hata sasa. Goli likiingia hulitaja jina la mfungaji mara moja, nikakizima kipaza sauti kwa mkono wangu mwenyewe, nikahesabu hadi 10, ndipo nikakiwasha tena.