Stata Ikigoma, Ifungue Kwanza Kabla ya Kununua Nyingine

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, Corolla yangu iliwaka baada ya kulala siku 9, na aliyeitengeneza ni mimi. Nikaizima, nikaiwasha tena. Nikaizima, nikaiwasha. Mke wangu akatoka akasimama mlangoni na khanga yake begani, akanitazama tu huku anatabasamu. Ndugu zangu, kuna raha ambayo hainunuliwi dukani.

Lakini nianze na kinachoniuma, maana bila hicho nisingeandika.

Mwaka jana stata ya gari hili, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ilianza kusumbua. Unazungusha ufunguo, unasikia "tik" moja nzito, halafu kimya. Unajaribu tena, tik. Mara ya nne au ya tano linawaka kama kawaida. Nikaenda kwa fundi niliyemzoea, mtu niliyemwamini kiasi cha kumwachia ufunguo na kwenda kazini. Hakuifungua. Alisikiliza mara moja akasema, "Bosi, stata imekufa, tutafute nyingine." Nikatoa shilingi 160,000 ya stata iliyotumika na 30,000 ya ufundi. Nilipoulizia ile ya zamani akaniambia, "Ya nini bosi, chuma chakavu hicho." Nikaiacha.

Baada ya miezi saba, tik ikarudi.

Alhamisi ya wiki ile nilikuwa nampeleka mama kliniki ya presha. Saa kumi na mbili asubuhi, ameshakaa kiti cha mbele, kadi yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ameushika mapajani. Tik. Nikajaribu mara kumi. Vijana wa jirani wakaja wanataka kusukuma, nikawaambia hili ni la otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. Mama akashuka taratibu, akasema, "Usijali mwanangu, nitachukua bajaji." Nikamwangalia anavyopanda ile bajaji kwa kushikiliwa mkono na kijana wa watu. Siku hiyo niliapa.

Sasa, wewe unayesoma hapa najua unataka ninachokitaka mimi: kulijua gari lako, usiwe mtu wa kuambiwa tu. Basi anza na masikio. Tik moja nzito huku taa za dashibodi haziyumbi, mara nyingi shida iko ndani ya stata yenyewe. Tik-tik-tik za haraka na taa zinafifia, shuku betri au vichwa vyake vilivyoota ukungu. Stata inazunguka kwa kelele lakini injini haigeuki, hiyo bendeksi, gia ndogo ya stata, haishiki meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kimya kabisa, hamisha gia iweke N ujaribu tena, kisha fuatilia ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, ile swichi kubwa ya stata. Na pima betri kwa mita. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma karibu volti 12.6, na mtu anapopiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Yangu ilikuwa nzima. Nikajua adui yuko wapi.

Kutoa stata sitawachosha nako. Toa kwanza waya hasi wa betri, tena usiuguse mwingine kabla ya huo, kwa sababu waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kwangu ni bolti mbili za spana 14. Ukilazimika kuingia chini ya gari, weka stendi za chuma. Jeki peke yake imeua watu.

Kilichonishangaza kiko ndani. Stata za kampuni ya Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za umri wa yangu zina kifuniko cha duara nyuma ya solenoidi, kimeshikwa na bolti tatu ndogo za spana 8. Nilipokifungua, ile nguzo ya chuma ikatoka na springi yake, kichwani ina kisahani cha shaba. Kazi ya kisahani hicho ni kugusa vipande viwili vya shaba kwa wakati mmoja, umeme upite kwenda kwenye mota. Kipande kimoja kilikuwa kizima. Cha pili, cha upande wa betri, kilikuwa kimeliwa. Nilipitisha ukucha, ukazama kwenye shimo jeusi lenye ukingo mkali kama kopo lililokatwa kwa kisu. Kisahani kilikuwa hakikifikii tena. Hiyo ndiyo tik yote! Nguzo inaruka, inagonga, umeme haupiti.

Vipande hivyo nilivipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa 15,000.

Nilikaa na hicho chuma mkononi nikiwaza ile stata ya kwanza. Dalili zilikuwa zilezile. Siwezi kuthibitisha, ila moyoni ninaamini ilihitaji shaba mbili tu, na kwamba leo iko kwenye gari la mtu mwingine aliyeinunua kwa bei kama yangu.

Kuvifunga vile vipande vipya kulinitesa. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, hasa zile pete ndogo (washa) za kuzuia umeme, kwa sababu ukisahau moja, bolti ya betri inagusa bodi na utaona moto. Nati usiikaze kwa hasira, plastiki yake inapasuka. Na vipande viwili lazima vikae kimo kimoja. Mimi kimoja kilikaa juu kidogo, nikafunga kila kitu, nikapiga: tik. Nikashusha stata upya, mwanangu ananimulikia kwa tochi ya simu. Nikasawazisha, nikasugua kisahani kwa msasa laini, nikarudisha.

Ikazunguka mara ya kwanza.

Watu wanaogopa stata kana kwamba ni mashine ya hospitali. Cadillac walianza kuuza magari yenye stata ya umeme ya Charles Kettering mwaka 1912, na mpaka leo msingi wake ni uleule: mota, swichi kubwa, na gia ya kusukuma flaiwili. Hata hiyo bendeksi tunayoitamka kila siku gereji ni jina la mtu, Vincent Bendix. Ukiweza kubadilisha soketi ya ukutani, una akili ya kutosha kuifungua hii.

Basi, kaka na dada zangu, tufungue kabla ya kununua. Hata ukienda kwa fundi, na mafundi waaminifu wapo wengi, simama pale, mwambie afungue mbele yako akuonyeshe kilichoharibika. Kikibadilishwa, kile cha zamani ni chako, umekilipia. Ondoka nacho. Nyumba zetu zinavuja pesa kwa sababu tunaona aibu kuuliza swali moja mbele ya boneti iliyofunguliwa.

Kile kipande kilicholiwa nimekiweka kwenye kisahani cha chenji ndani ya gari. Mama ana kliniki tena Jumatano. Nimeshampigia, nimemwambia asitafute bajaji, nitampitia saa kumi na moja na nusu.