Samaki wa kliniki: nani ni nani, na mbona wanakufa?

Nafanya kazi mapokezi katika kliniki ya watoto hapa Mombasa. Tuna tangi la samaki wa baharini, na kutwa naulizwa maswali nisiyo na majibu. Wapo wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mkubwa hamwachi mdogo apumue, anamfukuza tu. Yupo wa buluu mwenye mkia wa njano ambaye hujilaza ubavu kama aliyekufa. Yupo mwembamba anayewadonoadonoa wenzake. Na pangoni kuna mkunga anayefungua na kufunga mdomo. Watoto wanasema ana hasira. — Msomaji, Mombasa

Tuanze na hao wa chungwa, ambao bila shaka watoto wanawaita Nemo, kama yule wa filamu ya katuni. Mkubwa ndiye jike. Samaki hawa wote huanguliwa wakiwa madume; katika kundi, anayewazidi wenzake kwa mwili na ubabe hugeuka jike, na anayemfuata ndiye huwa dume lake. Jike akifa, dume hugeuka jike na kushika nafasi yake. Kwa hiyo kule kufukuzana ni kukumbushana cheo. Ukimwona mdogo anatetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, hiyo ni adabu, si ugonjwa. Ingilia pale tu mapezi yanapochanika au mdogo anapozuiwa kula. Usiwaletee wa tatu, kwani wawili waliokwisha kupatana humsumbua mgeni mpaka afe. Na msikubali kuuziwa anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki hawa hujificha, eti hawawezi kuishi bila hiyo. Wanaweza. Anemoni hutaka taa kali na tangi lililokomaa, hutembea, na ikinaswa na pampu huchafua maji yote. Kwa kuongezea: hawa wenye mistari mitatu si wa bahari yetu. Asili yao ni upande wa Indonesia hadi kaskazini mwa Australia, na wengi wanaouzwa huzalishwa kwenye matangi. Miamba yetu ina ndugu zao, kama yule mwenye mstari mmoja mweupe uliopita mgongoni kuanzia puani hadi mkiani.

Wa buluu ni aina ya kangaja. Akishtuka au akilala hujibana kati ya mawe au hujilaza ubavu. Kama anahema kwa utaratibu na chakula kikiingia anafika, mwacheni. La kuwatia wasiwasi ni ukubwa: huuzwa akiwa na sentimita 5, naye hukua hadi karibu 30. Tangi la lita 200 ni jela kwake. Anahitaji lisilopungua lita 600 na urefu wa kuogelea. Pia ana mwiba mkali kila upande wa shina la mkia, hivyo anayeingiza mkono kusafisha asimbane kwenye kona.

Mwembamba ni msafishaji. Kazi yake ni kula vimelea na ngozi iliyokufa kwenye miili ya wenzake. Baharini wateja hawakosekani, lakini kwenye tangi lenye samaki sita au saba kazi huisha haraka, naye hukonda. Mtazameni tumbo: likibonyea, mpeni kamba waliosagwa kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Akifa msinunue mwingine.

Mkunga hana hasira, anapumua. Hupitisha maji mdomoni ili yafike kwenye matamvua. Ila macho yake ni dhaifu na hutegemea harufu, ndiyo maana alishwe kwa kibanio kirefu, si kwa vidole. Kifuniko kizibe kila mwanya, hata pale waya unapopita, la sivyo asubuhi mtamkuta sakafuni amekauka.

Tangi letu ni la lita 300. Maji yakipungua tunaongeza ya bahari, ambayo ni bure. Mwezi mmoja tu na samaki wanahema juujuu, rangi zimefifia. — Kliniki ya kina mama, Tanga

Kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Piga hesabu: kwa feni na joto la Pwani, tangi kama hilo linaweza kupoteza lita 3 kwa siku. Lita 3 za maji ya bahari zina gramu 105 hivi za chumvi. Kwa siku 30 mmeongeza zaidi ya kilo 3, na kiwango kimepanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 45. Maji yenye chumvi nyingi hubeba oksijeni pungufu, na samaki hutumia nguvu nyingi kuitoa chumvi hiyo mwilini.

Msiishushe kwa siku moja. Toeni lita 10 za maji ya tangi kila siku na kurudisha lita 10 zisizo na chumvi. Kwa hesabu hiyo mtafika 35 baada ya siku 8 hivi. Baada ya hapo bandikeni mkanda mwembamba kwenye kioo, usawa wa maji ulipo, na kila asubuhi jazeni mpaka hapo kwa maji ya mtambo wa RO (unaochuja chumvi), yale yanayouzwa kwenye maduka ya kujaza madumu. Maji ya kisima cha Pwani mara nyingi yana chumvichumvi yake, na ya bomba yana klorini. Nunueni refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi, na lengo liwe 35, au uzito linganifu 1.025 hadi 1.026.

Maji ya bahari ni mazuri sana, lakini ni ya kubadilishia, yaani kutoa lita 30 na kuweka lita 30 kila baada ya wiki mbili. Yachotwe maji yakijaa, wakati wa bamvua hasa, mbali na bandari, mito na mabomba ya hoteli. Wakati wa masika, baada ya mvua kubwa, ahirisheni. Yachujwe kwa kitambaa safi, yahifadhiwe gizani kwenye madumu yasiyowahi kubeba sabuni wala mafuta, na yapimwe kabla ya kuingia.

Niliongeza samaki wawili. Baada ya wiki, wote wakatoka vidoa vyeupe kama punje za sukari. Nikatia dawa siku tatu, vikaisha. Vimerudi kwa wingi na wanne wamekufa. — Daktari wa meno, Dar es Salaam

Pole, daktari. Dawa haikuponya kitu. Kimelea hiki hukaa kwenye ngozi ya samaki siku kati ya 3 na 7, kisha hudondoka chenyewe na kujifungia kwenye mchanga, ambako hugawanyika na kutoa mamia ya vichanga wanaotafuta samaki. Kipindi ambacho ngozi ni safi ndicho wanachozaliana.

Wahamishie samaki wote kwenye chombo cha lita 80 hadi 100 kisicho na mchanga wala mawe; vipande vya bomba la plastiki vitatosha kuwa maficho. Weka hita, chujio la sponji na pampu ya hewa. Tumia dawa ya shaba. Kwa shaba ya kawaida kiwango ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, kipimwe asubuhi na jioni, kwa siku 30. Zipo dawa ambazo shaba yake imefungwa, na kiwango chake ni kikubwa zaidi, hivyo fuata lebo na kipimo kinachoendana nayo. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, anza kuhesabu upya. Amonia itapanda, kwa hiyo badilisha robo ya maji kila ikionekana, ukitia dawa kwenye maji mapya kwanza.

Tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja siku 76. Ndiyo, chumba cha kusubiria kitatazama mawe kwa miezi miwili na nusu. Usitie shaba humo: mawe na mchanga huinyonya, na kamba, konokono na matumbawe hufa. Kitunguu saumu kwenye chakula, ambacho wauzaji hukisifu, hakitibu ugonjwa huu. Na kila mgeni ajaye apitie chombo hicho hicho siku 30.

Tulipuliza dawa ya mende Ijumaa jioni. Jumatatu kamba wote na nusu ya samaki walikuwa wamekufa, ingawa tangi lilikuwa na kifuniko. — Msomaji, Kisumu

Pampu ya hewa ilivuta dawa chumbani na kuipuliza ndani ya maji. Nyingi ya dawa hizi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa binadamu si kali sana lakini kwa samaki ni sumu, na kwa kamba zaidi. Mwiteni fundi anayetumia jeli ya mende. Kama lazima kupuliza, zimeni pampu ya hewa na mtambo wa povu (ule unaotoa uchafu majini kwa povu), acheni pampu ya maji ikizunguka, funikeni tangi kwa nailoni na kubandika kingo. Baada ya saa mbili au tatu fungueni madirisha, na hewa ikiwa safi ndipo mfunue. Wekeni gramu 300 za mkaa maalumu wa kuchujia maji kwenye chujio na badilisheni asilimia 20 ya maji kesho yake. Kioo kifutwe kwa kitambaa chenye maji tu. Anayeingiza mkono asiwe ametoka kupaka sanitaiza, na akiwa na kidonda avae glavu ndefu, maana kuna bakteria wa majini wanaosababisha vidonda sugu vya ngozi.

Ni kweli samaki hushusha presha? — Muuguzi, Zanzibar

Kwa muda, ndiyo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu waliokuwa wakisubiri kung'olewa meno: waliotazama tangi la samaki walitulia kuliko waliotazama picha ya ukutani. Mgonjwa wa presha apimwe baada ya kuketi dakika 5 kama kawaida, na dawa zake aendelee nazo.

Mtoto aliuliza: samaki hulala saa ngapi? — Mapokezi, Nakuru

Wengi, giza likiingia. Pono wengine hata hujifunika utando wa ute, na baadhi ya samaki wadogo hujizika mchangani. Taa ya tangi iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10, kwa swichi ya saa. Jioni izimwe nusu saa kabla ya taa za chumba, ili wapate nafasi ya kutafuta mahali pa kulala. Asubuhi chumba kitangulie kuwaka.