Shisha inayochoma koo na kuumiza kichwa

Ndugu yangu wa mtaa wa Himbi, umeuliza kwa nini shisha yako inachoma koo, na kwa nini wageni wanaondoka wakiumwa kichwa.

Koo ni jambo jepesi. Maji yafunike ncha ya bomba kwa sentimita 2 au 3 tu. Tumbako usiishindilie, wala isiguse karatasi ya aluminiamu, itaungua. Ukisikia ladha chungu, punguza kaa moja.

Kichwa ndicho kinanitia wasiwasi. Makala (makaa) yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na maji ya chupa hayaichuji, hata watu waseme nini. Hapa Goma tunaogopa mazuku, gesi ya volkano inayotuama mabondeni na kuua. Hii ya makala haihitaji bonde, sebule iliyofungwa madirisha inatosha. Vuteni barazani. Makala ya vifuu vya nazi ni afadhali kwa ladha, lakini gesi ni ileile. Yawashie kwenye mbabula (jiko la makaa) nje hadi yawe mekundu pande zote, ndipo uyapandishe.

Anayesikia kizunguzungu au kichefuchefu atoke nje upesi. Akizimia, mpelekeni hospitali. Mama mjamzito asikae hapo kabisa. Na kila mtu awe na kidomo chake cha plastiki, tafadhali.