Je, "groundnut" ni karanga ya ardhini au karanga iliyosagwa?

Safari hii barua nne za wasomaji wetu wa Kusini zimegongana kwenye neno moja la Kiingereza. Tumezijibu kwa pamoja.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nachingwea. Kamusi inasema "ground" ni ardhi, halafu chini yake inasema ni kitu kilichosagwa. Dukani nimeona mfuko umeandikwa "ground nuts", maneno mawili, na ndani zimo karanga nzima. Nani kakosea? Na mbona Wamarekani wanasema "peanut"?

Muuza karanga hajakosea sana. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliandika neno hili kwa namna zote: kwa kutenganisha, kwa kistari, na kwa kuunganisha. Siku hizi linaandikwa pamoja, na hilo linaondoa utata uliokukwamisha wewe. "Ground" ya ardhi na "ground" inayotokana na kitenzi "grind", yaani kusaga, hazina undugu. Zimefanana sura tu. Ukiacha nafasi katikati, msomaji anaweza kutegemea unga, kama "ground coffee" ilivyo kahawa iliyosagwa.

Ukitamka, tofauti inasikika. Neno ambatani hubeba mkazo mkubwa kwenye sehemu ya kwanza: GROUNDnut. Ukimaanisha zilizosagwa, sehemu ya pili nayo hupata mkazo wake kamili: ground NUTS. Jizoeze na jozi nyingine, "GREENhouse" (kitalu cha kukuzia mimea) na "green HOUSE" (nyumba ya kijani), utaizoea haraka.

Kwa nini ardhi? Nenda shambani mkaranga ukiwa umetoa maua, uchutame. Ua la njano huchanua asubuhi karibu na shina na kunyauka siku hiyohiyo. Baada ya hapo, chini ya ua lililokufa hutoka kijiti chembamba chenye ncha, kinachoinama kuelekea chini, kikaingia udongoni sentimita chache. Ganda huanza kujaa kwenye ncha ya kijiti hicho, gizani. Kijiti kisipofika udongoni, ganda halifanyiki. Ndiyo maana wakulima huinulia udongo kwenye mashina, na ndiyo maana palizi ya jembe hukoma vijiti vikishaanza kushuka: ukivikata, umekata mavuno. Jina la kisayansi, Arachis hypogaea, linasema jambo lilelile, kwani "hypogaea" ni Kigiriki cha "chini ya ardhi".

Sehemu ya pili, "nut", ni jina la jikoni. Kwa wataalamu wa mimea, "nut" ni tunda kavu lenye ganda gumu lisilopasuka lenyewe. Karanga ni jamii moja na kunde, choroko na mbaazi. Kwenye mtihani wa Baiolojia andika "legume", hata kama neno lenyewe linaishia na "nut".

Hapo Wamarekani wamekaribia zaidi. "Peanut" ni "pea", njegere, pamoja na "nut", na njegere ni ndugu wa kweli wa karanga. Neno hilo lilianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 19. Huko Amerika ya Kaskazini walowezi wa Kiingereza walikuwa wameshalitumia "groundnut" kwa mmea mwingine, jamii ya maharage unaotambaa na kuzaa viazi vidogo mizizini. Wamarekani wa kusini wana jina la tatu, "goober", lililotoka kwenye "nguba" ya Kikongo. Lilipelekwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo zao lenyewe lilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakalieneza Afrika, na jina la Kibantu likavuka bahari kurudi kule.

Usilichanganye na njugu mawe. Hizo ni za Afrika kwa asili, nazo huzaa chini ya ardhi, hivyo Waingereza wakaziita "Bambara groundnut" kwa jina la watu wa Mali. Katika insha chagua ama "groundnut" ama "peanut" na ubaki na hilo hadi mwisho.

Ni fundi wa pikipiki, Masasi. Kwa nini nati ya bolti inaitwa "nut" kama korosho na karanga?

Ni neno lilelile. Kiingereza cha kale kilikuwa na "hnutu", kokwa yenye ganda gumu, kisha mafundi wakalihamishia kwenye kipande kidogo kigumu cha chuma. Sisi tukalichukua gereji likawa nati, wala hatukulichukua jikoni, maana huko tulikuwa na majina yetu. Ukisoma kitabu cha matengenezo utakutana na maneno ambatani yake: "locknut" ni nati ya pili inayokazwa juu ya ya kwanza ili isilegee, na "wing nut" ni ile yenye mabawa mawili inayokazwa kwa vidole bila spana.

Naandika kutoka Lindi. Wazee hapa husema bandari ya Mtwara na reli iliyong'olewa vilitokana na karanga. Majuzi nimesikia redio ya Kiingereza, mwanasiasa wa Uingereza anauita mradi wa mpinzani wake "groundnut scheme". Ni tusi kwetu?

Ni kejeli, lakini inawalenga serikali yao wenyewe. Wazee wamesema kweli.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali ikapanga kulima karanga kwenye ekari milioni 3.21: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika. Kwa hesabu hiyo jimbo la Kusini lilipewa 55, zaidi ya nusu ya yote. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea.

Kongwa ndiko mpango ulikovunjika, na sababu mojawapo imo ndani ya neno lenyewe. Udongo wa kule una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu kama sakafu. Kijiti cha karanga hakipenyi, na hata ganda likifanyika, mmea haung'oki. Ukivuta, karanga hubaki chini. Mchanga mkali uliomo ulikuwa ukila majembe ya trekta, mvua zenyewe hazikutosha, na mibuyu na vichaka vilizishinda mashine, nyingi zikiwa mabaki ya jeshi. Walioandika mpango waliijua "nut", hawakuipima "ground".

Nachingwea kulikuwa na mvua bora, ila hapakuwa na njia ya kufikisha mitambo. Reli ikajengwa kwanza kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, na bandari ya kina kirefu ikaanzwa Mtwara. Mpango wenyewe ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Bandari ilikamilika 1954, karanga zilizokusudiwa zikiwa hazipo. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina la Farm 17, moja ya mashamba ya mpango huo, bado linatumika Nachingwea.

Tangu hapo Mwingereza akitaka kusema mradi mkubwa wa serikali ulioanzwa bila majaribio, hutumia maneno hayo. Kwa maoni yetu ni kejeli ya haki.

Kikundi chetu cha Mtwara kinafungasha korosho na karanga. Mnunuzi wa nje ametaka lebo za Kiingereza. Tuandike "nuts" kwa zote?

Hapana, na hili lina madhara. Sheria ya Ulaya ya lebo, namba 1169 ya mwaka 2011, ina orodha ya vitu 14 vinavyoleta mzio. Humo "peanuts" ina nafasi yake, na "nuts" nafasi nyingine, ambayo korosho imetajwa kwa jina. Ukiandika "nuts" peke yake hujamtahadharisha mtu anayeweza kufa kwa karanga. Andika "peanuts" kwenye karanga na "cashew nuts" kwenye korosho. Katika orodha ya viambato jina hilo lionekane tofauti na mengine, kwa mfano kwa herufi nzito. Kama mnakaangia zote kwenye sufuria moja au mnatumia meza moja ya kufungashia, kila mfuko utaje na ile nyingine kwa maneno "may contain", na kuosha vyombo hakuondoi haja hiyo mpaka mtenganishe kabisa.

Kuhusu tahajia: Bodi ya Korosho kwa Kiingereza huunganisha, "cashewnut", ilhali kamusi nyingi hutenganisha au huandika "cashew" tu. Zote zinaeleweka. Chagueni moja, isibadilike kati ya mfuko na katoni.

Mkianza siagi ya karanga kwa soko la Marekani, jina "peanut butter" lina sharti: karanga zisipungue asilimia 90. Mkizidisha sukari na mafuta mengine, mnatafuta jina jingine. Mafuta ya karanga nayo yana majina matatu: "groundnut oil" kwa Waingereza, "peanut oil" kwa Wamarekani, na "arachis oil" kwenye dawa na vipodozi. Hilo la mwisho mwenye mzio alikariri, maana kwenye chupa ya mafuta ya kujipaka huenda asione neno "nut" popote.